KAMARI YA MASHINE: NANI HULA MAVUNO YETU?

(Hotuba iliyotolewa msikitini Mbingu, katika bonde la Kilombero, baada ya Swala ya Ijumaa wakati wa msimu wa mavuno ya mpunga. Tunaichapa kwa faida ya waumini wa misikiti mingine.)

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba wake na wote waliofuata mwenendo wake kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.



Leo nitazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelipita njiani tukija hapa msikitini. Mpunga umevunwa, magunia yamefika nyumbani, wengine wamekwisha kuyapeleka Ifakara. Wenye mikakao wanauza kakao mbichi na kupokea fedha taslimu. Vibarua wamelipwa. Hii ndiyo miezi ambayo mkulima wa bonde hili hushika fedha nyingi kuliko miezi mingine yote ya mwaka, na kutokana na fedha hizo inampasa atoe zaka, alipe deni la pembejeo, anunue sare za watoto, na aweke akiba ya kumvusha hadi masika.

Na hii ndiyo miezi ambayo zile mashine za kamari zilizowekwa vibandani na kwenye vilabu hupata wateja wengi. Nyote mnazijua. Wengine huziita bonanza, wengine dubwi, wengine mashine za Kichina kwa kuwa nyingi zimetengenezwa huko. Kwa jina hilo la mwisho naomba tutahadhari. Reli ya TAZARA inayopita hapa kwetu ilijengwa kwa msaada wa Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975, na mpaka leo tunasafiri kwayo na kupakia mpunga wetu. Maneno yangu hayamhusu mtu wa taifa lolote. Yanahusu mashine, yanamhusu mwenye kuiweka, na zaidi yanatuhusu sisi tunaoilisha.

HUKUMU YA KAMARI

Hukumu ya kamari haina mjadala baina ya Waislamu. Katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi, akaihesabu kuwa uchafu unaotokana na kazi ya Shetani, na akatuamuru tukae mbali nayo. Kisha akatupa sababu, ili tusiseme kwamba tumekatazwa bila kuelezwa. Sababu ya kwanza ni uadui na chuki inayopandwa baina ya watu. Ya pili ni kusahaulishwa kumtaja Mola wetu. Ya tatu ni kuzuiliwa na Swala.

Ndugu zangu, nani asiyeziona sababu hizo tatu hapa kijijini? Mume anarudi nyumbani mikono mitupu, mke anauliza fedha ya kakao iko wapi, na ugomvi unaanza. Adhana ya Alasiri inasikika mpaka kibandani, na kijana aliyelelewa katika madrasa yetu anasema, "Nimalize sarafu hizi tatu kwanza." Magharibi inamkuta palepale.

Tena Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Imamu Bukhari na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), amefundisha kwamba mtu akimwita mwenzake waje wacheze kamari, basi na atoe sadaka. Wanazuoni wamesema kuwa sadaka hiyo ni ya kufuta kosa la ulimi. Ikiwa maneno ya kualika tu yanahitaji kufutwa, vipi kuhusu kitendo chenyewe? Na vipi kuhusu mtu anayeweka barazani kwake chombo kinachowaalika watu usiku na mchana kwa taa na muziki?

HESABU YA MASHINE

Sasa nataka tuingie katika jambo ambalo huenda halisemwi sana mimbarini, nalo ni hesabu. Vijana wengi wanajua kwamba kamari ni haramu, na bado wanacheza. Wanacheza kwa sababu wanaamini kwamba siku moja wataishinda mashine. Basi tuiangalie mashine kwa macho ya mkulima anayepima gunia kwenye mizani.

Katika kamari ya zamani watu wawili walikaa, mmoja akashinda na mwingine akashindwa, na kesho mambo yakaweza kugeuka. Mashine haiko hivyo. Mashine imepangwa tangu kiwandani irudishe sehemu tu ya fedha zinazotumbukizwa, na sehemu iliyobaki ni ya mwenyewe. Haitegemei bahati ya mwenyewe. Ni kanuni iliyoandikwa ndani yake. Mchezaji mmoja mmoja anaweza kupata au kukosa leo, lakini mashine ikikusanya sarafu za watu wote kwa wiki na miezi, haishindwi.

Tuchukue mfano, na huu ni mfano wa kufundishia tu, kwa kuwa viwango vya mashine hutofautiana. Tuseme mashine imepangwa kurudisha shilingi 80 katika kila shilingi 100. Kijana anakuja na shilingi 10,000, yaani sarafu 50 za shilingi 200. Akizicheza zote mara moja, kwa wastani atarudishiwa 8,000. Je, ataondoka? Haondoki. Anasema, "Bado ninazo." Anacheza hizo 8,000, zinarudi 6,400. Anacheza 6,400, zinarudi 5,120. Anaendelea, zinabaki 4,096. Akifika mzunguko wa kumi amebakiwa na kama shilingi 1,000 tu, na hata hizo haziendi nyumbani.

Angalieni jinsi macho yanavyodanganywa. Katika muda huo kijana ameona sarafu zikimtokea mara nyingi. Mara tano, mara ishirini, labda mara moja zimemwagika sarafu arobaini kwa kishindo, na watu wote kibandani wamegeuka kumtazama. Kwa hiyo anaapa kwamba mashine inatoa. Naam, inatoa, lakini inatoa kile alichokwisha kukitia yeye na wenzake, baada ya kukata sehemu ya mwenyewe. Ushindi una kelele, hasara haina sauti. Hakuna kengele inayolia pale mtu anapopoteza.

Sasa tuhesabu muda. Ili hizo 10,000 ziishe kabisa katika mfano wetu, kijana atakuwa ametumbukiza, kwa wastani, sarafu zenye thamani ya shilingi 50,000, yaani mara 250, kwa kuwa kila sarafu inayomrudia anaitumbukiza tena. Ikiwa kila mchezo unachukua sekunde 6, kazi yote imekwisha katika dakika 25. Ndugu zangu, kibarua wa kupalilia mpunga huinama juani siku nzima kupata fedha ya kula na watoto wake. Mashine inaweza kuimaliza fedha hiyo kabla chai haijapoa.

Na sisi Waislamu tunayo hesabu nyingine ya kulinganisha. Zaka ya mazao yanayopata maji ya mvua, kama mpunga wetu mwingi wa bonde hili, ni sehemu moja katika kumi, ikiwa mazao yamefikia nisabu. Hulipwa mara moja kwa mavuno, huenda kwa maskini, na ina malipo kwa Mwenyezi Mungu. Mashine ya mfano wetu inachukua sehemu mbili katika kumi, maradufu ya zaka, na inachukua upya kila mzunguko, hata kwa yule maskini anayestahiki kupewa zaka. Wapo wanaolalamika kwamba zaka ni nzito, na hao hao wanalipa mara mbili yake kibandani bila kuombwa!

"IMEJAA, INAKARIBIA KUTOA"

Zipo imani mbili zinazowafunga vijana pale kibandani, nami nataka tuzifungue.

Imani ya kwanza ni ile ya kusema, "Mashine imejaa, inakaribia kutoa." Mtu anaketi anawatazama wenzake wakipoteza, kisha anaingia akiamini kwamba zamu yake imefika. Mashine hizi huongozwa na programu iliyo ndani, inayochagua matokeo ya kila mchezo. Haimjui mchezaji, haimhurumii aliyepoteza, wala haimpi mtu haki kwa sababu amesubiri kwa muda mrefu. Zile sarafu za waliotangulia hazikuwekwa kwa ajili yako.

Imani ya pili ni ile ya kusema, "Nimekosa kidogo tu." Alama mbili zimefanana, ya tatu imesimama hatua moja mbele. Moyo unaruka kana kwamba mtu amekaribia kupata. Lakini katika mashine hakuna kukaribia. Aliyekosa kidogo na aliyekosa sana wamepoteza sarafu ileile. Wataalamu waliochunguza mashine za kamari wameeleza kwamba kukosa kwa namna hiyo humfanya mtu atamani kuendelea, na watengenezaji wanalijua jambo hilo.

Huko Marekani, mtafiti Natasha Dow Schüll alitumia miaka mingi kuwachunguza wachezaji wa mashine katika mji wa Las Vegas, na mwaka 2012 akatoa kitabu juu yao. Jambo alilolikuta ni la kutisha: waliozama kabisa hawachezi tena ili washinde. Wanacheza ili waendelee kucheza, kwa sababu mbele ya mashine husahau watoto, madeni na hata miili yao. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari miongoni mwa maradhi yanayotambuliwa na matabibu. Waislamu hatushangai, kwa kuwa kusahaulishwa ndiyo mojawapo ya zile sababu tatu tulizoambiwa katika Suratul Maida.

"LAKINI HATA KILIMO NI BAHATI"

Kijana mmoja aliniuliza swali zuri, nami namshukuru kwa kuuliza. Alisema: "Shehe, hata kilimo ni kubahatisha. Unapanda mpunga, mto unafurika, unapoteza kila kitu. Tofauti iko wapi?"

Tofauti iko katika mambo matatu. Kwanza, mkulima anapopata mavuno mema, hakuna jirani aliyenyang'anywa. Gunia lake limeongezeka juu ya ardhi, na mashine ya kukoboa, bodaboda, mama ntilie na mchuuzi wa Ifakara wote wanapata sehemu yao ya halali. Katika kamari hakuna punje moja iliyoongezeka. Alichonacho mmoja kimetoka kwa mwingine. Pili, mkulima akijua zaidi na akifanya kazi zaidi, hali yake hupata nafuu: atachagua mbegu, atapanda kwa mstari, atapalilia mapema. Mbele ya mashine, mjuzi na mjinga ni sawa, kwa sababu kanuni ni ileile. Tatu, mkulima hupanda akimtegemea Mwenyezi Mungu, na dua yake ni ya halali. Nani atainua mikono kuomba dua akiwa ameshika sarafu ya kamari?

Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyomo kwa Imamu Bukhari, ametufundisha kwamba mtu kuchukua kamba yake, akaenda kutafuta kuni na kuziuza, ni bora kwake kuliko kuwaomba watu. Kuni ni kazi ngumu na bei yake ni ndogo, lakini heshima yake haina doa.

"SERIKALI IMERUHUSU, NA KODI INALIPWA"

Hoja nyingine tunayoisikia ni kwamba jambo hili lina leseni. Ni kweli. Nchini kwetu ipo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na kwa sheria hiyo ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo hutoa leseni na kukagua. Sisi hatuwafundishi watu kuvunja sheria za nchi. Lakini ruhusa ya serikali haigeuzi haramu kuwa halali. Pombe nayo ina leseni, na hakuna Muislamu anayesema kwamba leseni imeifanya iwe maji.

Kuhusu kodi, tukumbuke jinsi kamari ilivyokuwa kabla ya Uislamu. Waarabu walichinja ngamia, wakagawa nyama mafungu, kisha wakapiga kura kwa mishale. Mishale mingine ilikuwa na mafungu, mingine mitupu, na aliyeangukiwa na mshale mtupu hupata hasara. Ilikuwa desturi yao kuwapa maskini ile nyama, na waliona fahari kwa ukarimu huo. Pamoja na faida hiyo kwa maskini, kamari ilikatazwa. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, Mwenyezi Mungu hakukanusha kwamba watu wanaweza kuona manufaa fulani ndani yake. Alitufundisha kwamba dhambi yake inayazidi manufaa hayo. Basi hoja ya leo, kwamba kamari inajenga zahanati kwa kodi, ilikwisha kujibiwa.

Hata hivyo nataka tuitazame sheria kwa jicho la haki, kwa sababu ndani yake imo kinga ambayo hatuitumii. Sheria inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Je, ni wangapi kati yetu wamemwona mtoto aliyetumwa chumvi akiwa amesimama mbele ya mashine na ile chenji? Na mmemwambia nani? Mashine isiyo na leseni inafanya kazi kinyume cha sheria. Je, tumewahi kuuliza kama ile ya kwenye kibanda inayo?

Lakini pia imo kasoro. Kwa miaka mingi kodi ya mashine hizi za mitaani imewekwa kuwa kiasi maalumu kwa kila mashine kwa mwezi. Maana yake ni kwamba zinahesabiwa mashine, hazihesabiwi hasara za watu. Kiasi hicho ni kilekile hata kama kijiji kimepoteza kidogo au kimepoteza mavuno ya familia kumi. Hakuna kitabu kinachoandika ni gunia ngapi za Mbingu zimeingia katika tundu la sarafu. Kwa hiyo ni wajibu wetu sisi wenyewe kuhesabu, kila mtu nyumbani kwake.

WENGINE WAMEFANYA NINI

Msidhani kwamba haya ni malalamiko ya mashehe peke yao. Uingereza si nchi ya Kiislamu, na kamari huko ni biashara ya halali kwa sheria zao. Maduka yao ya kamari yaliruhusiwa kuwa na mashine zisizozidi nne kila duka, na kwenye mashine hizo mtu aliweza kuweka hadi pauni 100 kwa mchezo mmoja, na mchezo ulichukua sekunde 20. Watu waliangamia, familia zikalia, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Mwaka 2018 serikali ikatangaza kupunguza kiwango kutoka pauni 100 hadi pauni 2. Utekelezaji ulipotaka kucheleweshwa, Waziri wa Michezo, Tracey Crouch, alijiuzulu mwezi Novemba mwaka huo kupinga kuchelewa. Tarehe 1 Aprili 2019 kiwango cha pauni 2 kikaanza.

Jirani zetu nao wamechukua hatua. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, imeweka umri wa kucheza kamari kuwa miaka 25. Kenya, mwaka 2019, ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kamari, baada ya viongozi wake kuona jinsi vijana walivyozama.

Somo ni nini? Ni kwamba hata asiyeamini Akhera, akihesabu kwa uaminifu, hukuta kwamba madhara ya mashine yako katika mambo mawili: ukubwa wa fedha inayowekwa na kasi ya mchezo. Kwetu husemwa, "Ni shilingi 200 tu." Ndugu zangu, shilingi 200 ni ndogo ikiwa ni moja. Ikitumbukizwa kila baada ya sekunde 6, si ndogo tena. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kinachojazwa pale si chetu.

BATI ZA MSIKITI

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba mnisikilize kwa utulivu.

Yupo ndugu yetu mmoja, muumini anayeswali nasi, ambaye ameruhusu mashine mbili ziwekwe barazani kwake. Yeye hachezi. Mwenye mashine huja kufungua, huhesabu sarafu, na humpa sehemu yake. Ndugu huyu ameahidi kuutolea msikiti wetu bati za upande ule unaovuja. Alipoahidi, moyo wake ukamsumbua, akaja kuniuliza kama fedha hiyo inafaa. Ameniruhusu nilitaje swali lake bila jina lake. Nasema mbele yenu: swali lake ni bora kuliko bati zake, kwa sababu wengi wetu tungekaa kimya.

Jibu langu ni hili. Katika Suratul Maida, aya ya 2, tumeamrishwa kusaidiana katika wema na tumekatazwa kusaidiana katika dhambi. Anayetoa baraza lake kwa kamari amesaidia, hata kama mkono wake haukugusa sarafu. Pato hilo si safi. Na nyumba ya Mwenyezi Mungu haiezekwi kwa pato lisilo safi.

Msione kwamba nimekuwa mkali. Kumbukeni habari za Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba, kabla Mtume (s.a.w.) hajapewa utume. Walikuwa washirikina, nao walikuwa wanakula riba. Lakini walipotaka kuijenga nyumba ile, waliafikiana kwamba isiingizwe fedha ya uzinzi, wala ya riba, wala ya dhuluma. Fedha safi ikapungua. Wakafanya nini? Hawakuongezea ile chafu. Waliifupisha nyumba, wakaacha sehemu nje ya ukuta, ndiyo ile inayoitwa Hijr Ismail, na kila aliyekwenda Hija ameiona kwa macho yake mpaka leo. Je, washirikina wa Makka wawe na haya kuliko sisi wa Mbingu?

Najua masika yatakuja na upande ule unavuja. Tutaswali tukisogeana. Ni heri maji yatudondokee vichwani kuliko kukaa pakavu chini ya mavuno ya jirani aliyefilisika.

Kwa ndugu yangu huyo namwambia: ziondoe mashine, fungua hapo biashara yoyote ya halali, hata ya chumvi na sabuni, na hata ukileta msumari mmoja kutoka katika biashara hiyo, tutaupokea kwa heshima. Na kile ulichokwisha kukipata, ikiwa unawajua waliopoteza, warudishie. Ikiwa huwajui, wanazuoni wameelekeza kitolewe kwa maskini na mahitaji yao, kwa nia ya kujivua nacho, si kwa kutafuta thawabu.

TUFANYE NINI?

Baadhi ya vijana wameniambia, "Shehe, tupe ruhusa usiku mmoja tu, tukazivunje." Hapana. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, ametutaka tuuondoe uovu kwa mkono, asiyeweza kwa ulimi, asiyeweza kwa moyo. Wanazuoni wameeleza kwamba mkono ni wa mwenye mamlaka katika jambo hilo. Ukivunja mali ya mtu usiku, utalipa, utafungwa, mama yako atalia, na mashine nyingine italetwa kesho. Tunazo njia zilizo bora.

Kwanza, kila baba aanze na nyumba yake. Fedha ya mavuno ihesabiwe mbele ya mke, zaka itengwe, madeni yalipwe, na iliyobaki iwekwe mahali ambapo haishikwi kila siku. Fedha isiyo mfukoni haitumbukizwi.

Pili, tutumie mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi aliyefikia miaka 18 ana haki ya kuhudhuria na kusema. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, na zikipata kibali cha Halmashauri ya Wilaya zina nguvu. Tuombe mambo ya wazi: mashine zisiwe karibu na shule, madrasa, kanisa na msikiti, mtoto akionekana anacheza, mwenye kibanda awajibishwe, na leseni ya kila mashine ionyeshwe kwa uongozi wa kijiji. Jambo hili tulifanye pamoja na jirani zetu Wakristo. Mashine haimuulizi mtu dini yake kabla ya kumla.

Tatu, mashine isiyo na leseni au inayochezewa na watoto itolewe taarifa kwa afisa mtendaji, kwa polisi, na kwa Bodi yenyewe. Taarifa iwe ya kweli, bila chuki wala kumsingizia mtu.

Nne, tuwafuate walionasa. Anayecheza kila siku tusimcheke wala tusimtangaze. Mara nyingi amekwisha kujaribu kuacha peke yake akashindwa. Mzee mmoja amchukue, amsindikize asipite njia ile, amshikie fedha yake ikiwa mwenyewe ameridhia, na amwite kwenye Swala ya Alasiri na Magharibi, saa ambazo kibanda hujaa. Ikiwa hali ni nzito, apelekwe kwa tabibu bila kuona haya. Na ile kamari ya kwenye simu ni mtoto wa mama huyohuyo, ila yeye humfuata mtu mpaka kitandani. Hukumu yake ni moja.

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba siku ya Kiyama kila mja ataulizwa juu ya mali yake maswali mawili: aliipata wapi, na aliitumia katika nini. Mwenye baraza atakuwa na la kwanza, mchezaji atakuwa na la pili, na sisi tuliopita njiani tukanyamaza tutakuwa na letu.

Mwenyezi Mungu atubarikie mavuno yetu, azilinde nyumba zetu, awape walionasa nguvu ya kutoka, na ampe ndugu yetu mwenye baraza moyo wa kulitimiza jema alilolianza kwa kuuliza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.